Mkoba Aletwe Dodoma

Jumatatu, 3 Januari 1994

Asubuhi mawingu mazito upande wa mashariki, upepo hakuna. Mvua ndogo kabla ya treni ya bara, ikakatika. Itigi nzima inanuka vumbi lililolowa.

Maandazi yamekwisha, mayai yamebaki. Abiria wa daraja la tatu wananunua zaidi kukiwa na baridi.

Mazengo amerudi kazini na habari kwamba mwisho wa Aprili reli inapunguza watu. Hapa stesheni wanaogeuza njia za treni wote wamo kwenye orodha, naye ni mmoja wao. Alisema hivyo huku anavua viatu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nikamwuliza tutafanyaje. Akasema, "Kuna yule kocha."

Niliandike jambo hili kwa mpangilio, maana nikilisoma baada ya miaka nitadhani nimelitunga. Mume wangu hakuingia kwenye mpira kama wengine. Kazi yake ni kugeuza njia na kuonyesha bendera, nyekundu au kijani. Kwa kuwa ndiye mwenye bendera, timu ya Stesheni walimwomba awe anawashikia kibendera pembeni mwa uwanja siku za Jumapili. Alishika kwa miaka mitano. Siku moja beki wao alishikwa na malaria, wakawa pungufu, wakamwambia akunje suruali aingie. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na hakuwahi kucheza hata shuleni. Mbio hana. Chenga hajui. Lakini miaka yote ile alikuwa anatazama jambo moja tu, nani ameotea. Basi akasimama nyuma ya wenzake, kila mpira ukija anasema "twendeni," mabeki wote wanasogea mbele kwa pamoja, mshambuliaji anabaki nyuma yao ameotea. Na mkono wake unapanda wenyewe kwa mazoea. Enock, nahodha wao, anasema marefa wengi wanapiga filimbi kwa kuuona mkono ule tu.

Hayo nimeyapata kwa Enock. Mimi mpira siujui. Jumapili ni ya kanisa na kufua.

Mwezi uliopita walicheza Manyoni, na kocha wa timu moja ya Dodoma, Mzee Sixbert, akamwona. Timu yake zamani ilikuwa ya kiwanda, wachezaji wakiandikwa kama wafanyakazi. Kiwanda kimeuzwa. Sasa timu ina mfadhili mwenye mabasi, na anawalipa watu mshahara wa kucheza mpira, basi, hakuna kazi nyingine. Mzee Sixbert alimwambia Mazengo asiende popote, Februari wana majaribio, watampigia simu ya stesheni.

Ndiyo simu tunayoingoja.

Alhamisi, 6 Januari

Jua kali. Mazengo ameuliza simu. Hakuna.

Jumapili, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Mama mkwe, Bi Damari, amefika kutoka Kintinku na uwele wake ndani ya kanga, umelowa. Atakaa mpaka mvua zitulie, yaani mpaka apende.

Nimemweleza habari ya Dodoma. Akaniuliza, "Atalipwa kwa kufanya nini?"

"Kuzuia, Mama."

"Kuzuia nini?"

"Mpira usiingie golini."

"Na usipoingia, nani anashiba?"

Mazengo alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka sana, maana hilo swali nami nilikuwa nalo.

Ijumaa, 14 Januari

Mvua. Simu hakuna.

Alhamisi, 20 Januari

Asubuhi ukungu, mchana jua. Abiria mmoja, mama mtu mzima, amesahau mkoba wake wa ngozi kwenye benchi la stesheni, treni ikaondoka naye. Bwana Zefania, stesheni masta wetu, ameufungia stoo. Unanuka asali. Sisimizi walishauona kabla yetu.

Mazengo alianza kunieleza maneno aliyoambiwa na kocha kule Manyoni, jina gani sijui la namba yake uwanjani. Nilikuwa nafua, maji yamejaa povu, nikamwambia aniambie baadaye. Hakunikumbusha.

Jumamosi, 29 Januari

Ameuliza simu. Hakuna. Sasa anauliza asubuhi na jioni. Bwana Zefania akimwona anakuja anatikisa kichwa kabla hajasalimiwa.

Jumanne, 1 Februari

Mvua kubwa usiku kucha. Maji yanakula tuta la reli upande wa Tabora, wamechukua watu wa stesheni kuongeza nguvu za genge linalotengeneza njia. Mazengo ameondoka na troli, atalala huko porini. Nimemfungia ugali wa uwele na samaki wakavu. Alipopanda alisema, "Simu ikija, mtu aje na troli kunichukua." Bwana Zefania akamjibu, "Ikija nitakuja mwenyewe, na kofia yangu."

Jumanne, 8 Februari

Asubuhi kavu, mawingu ya pamba. Nimepeleka chai ofisini kama kawaida. Bwana Zefania alikuwa ameandika ubaoni ujumbe uliopita kwa simu kutoka Dodoma kupitia Manyoni: *Mkoba aletwe Dodoma treni ya Alhamisi bila kukosa. Atapokelewa stesheni. Mwalimu.*

"Mama Aneth," akaniambia, "wewe una kidato cha nne. Hii imekaa sawa?"

Nilimwambia haijakaa sawa hata kidogo. Mkoba si mtu. Nikachukua chaki, nikafuta kwa kiganja, nikaandika *uletwe* na *utapokelewa*. Makosa mawili kwenye mistari miwili, na aliyetuma eti ni mwalimu! Sista Febronia aliyetufundisha shuleni angempigisha magoti. Bwana Zefania akasema kumbe yule mama wa mkoba ni mwalimu wa Dodoma, basi vizuri, stoo ipungue sisimizi.

Mauzo mazuri.

Alhamisi, 10 Februari

Mkoba umeondoka, umekabidhiwa kwa mlinzi wa treni. Mvua jioni.

Jumatano, 16 Februari

Jumatano ya Majivu kwa Wakatoliki. Mazengo amerudi, amekonda, miguu imechubuka kwa matope. Kabla ya kuoga alipitia ofisini kuuliza simu. Bwana Zefania akamwambia hakuna iliyomtaja.

Jumapili, 20 Februari

Mvua. Mazengo amesema labda majaribio yamesogezwa kwa sababu ya mvua. Nikasema labda.

Jumatatu, 21 Februari

Asubuhi jua safi, nikaanika uwele wa mama mkwe.

Treni ya kutoka Manyoni imemshusha yule mama mwenye mkoba. Anaitwa Bi Magdalena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaenda moja kwa moja ofisini. Nilikuwa mlangoni na birika.

"Nimekuja kuchukua mkoba wangu."

Bwana Zefania akatabasamu. "Mkoba wako ulishakwenda Dodoma, Mama. Kama ulivyoagiza kwa simu."

"Niliagiza mimi?"

"Si wewe ndiye Mwalimu?"

"Mwalimu wa nini? Mimi nalima Manyoni. Dodoma simjui mtu, na simu sijaishika tangu nizaliwe. Mle ndani kuna Biblia ya marehemu mume wangu, na asali ya mgonjwa. Nani kaniagizia?"

Bwana Zefania alivua kofia akaivaa tena. Akasema atafuatilia. Yule mama akakaa benchi lilelile, mikono mapajani, akasema naye atangoja kufuatiliwa. Nimempa chai bila malipo.

Mchana nikamsimulia Mazengo wakati wa kula, kwa kuona ni kichekesho. Mama mkwe alikuwepo. Nilipofika kwenye ubao, Mazengo aliacha kutafuna.

"Ubao uliandikwaje? Neno kwa neno."

Nikamwambia. Mkoba aletwe Dodoma, treni ya Alhamisi, bila kukosa.

"Aletwe?"

"Ndiyo, *aletwe*. Na *atapokelewa*. Nikasahihisha mimi mwenyewe."

Akanawa mikono, na bado chakula kilikuwa nusu. Akaikausha polepole, kidole kimoja kimoja. "Mama Aneth," akasema, "mkoba ni mimi."

Sikuelewa. Akanieleza akitazama bakuli la mlenda. Beki wa mwisho, yule anayesimama nyuma ya wote, watu wa mpira mjini wanamwita mkoba. Mzee Sixbert alimwambia kule Manyoni, wewe ni mkoba wa kuzaliwa. Na kocha, wachezaji wake wanamwita mwalimu.

"Hukuniambia," nikasema.

"Ulikuwa unafua."

Mama mkwe akasema kitu kwa Kigogo, kifupi. Mazengo akamkatiza, "Mama, acha." Akatoka. Nikabaki na vyombo. Sikulia. Niliosha vyombo, nikageuza uwele, nikaukuta umekauka, nikauanua.

Jioni nilikwenda stesheni pamoja naye. Sikuwa nimealikwa. Bwana Zefania alipoelewa alijipiga paji la uso, akazungusha simu mpaka mkono ukachoka. Dodoma wakasema watauliza, tupige kesho. Bi Magdalena alikuwa bado kwenye benchi. Akaniuliza, "Kwa hiyo mkoba wangu ulikwenda mahali pa mume wako?" Nikasema ndiyo. "Basi wote wawili tumepotelewa," akasema, na kuniomba chai nyingine. Amerudi na treni ya usiku.

Jumanne, 22 Februari

Mvua nyembamba. Jibu limekuja. Majaribio yalikwisha Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Walimngoja mkoba stesheni, wakapokea mkoba. Nafasi wamempa kijana mwingine. Mkoba wa ngozi utarudishwa mtu wao akipita huku. Mwisho wa ujumbe Bwana Zefania hakutaka kuusoma, nikausoma mwenyewe kwenye karatasi yake: *Asanteni kwa asali.*

Alhamisi, 24 Februari

Mvua. Mazengo hakuuliza simu.

Jumamosi, 26 Februari

Mvua. Habari imeenea mpaka kwa wauza karanga. Treni iliposimama dada mmoja wa karanga alinipigia kelele kutoka behewa la pili, "Mama Uletwe! Chai iletwe!" Wenzake wakaitikia, "Na maandazi yaletwe!" Ngeli zote wamepatia. Nimeuza nikiwa nimeinamisha uso.

Jumapili, 27 Februari

Mazengo hasemi neno baya. Anageuza njia zake, anaonyesha bendera zake, anarudi, anambeba Aneth, analala. Ningependa aseme neno baya. Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Ulisahihisha Kiswahili. Si kosa."

Ni kosa. Mtu wa miaka ishirini na nane hapewi majaribio mara mbili, Enock ameniambia bila kuzunguka. Usajili unafungwa mwisho wa Machi, na mwezi unaofuata hata bendera zinachukuliwa.

Jumatano, 2 Machi

Jua. Mama mkwe amenisaidia kukanda unga. Akasema, bila kuulizwa, kwamba baba yake Mazengo alikuwa hivihivi, ukimkosea anakuwa mpole mpaka unatamani kipigo. Kisha akasema unga umezidi maji. Ulikuwa umezidi kweli.

Jumapili, 6 Machi

Baada ya kanisa sikufua. Nilikwenda uwanjani. Walipoona nakuja Enock akapiga kelele, "Jamani, chungeni ndimi, mkaguzi wa ngeli amefika!"

Nilikaa juu ya taruma la reli lililotupwa pale, nikatazama nyuma tu, alipo Mazengo. Mpira siufuati hata sasa, unakwenda mbio. Lakini nikamwona. Anaongea muda wote, kwa sauti ndogo, huku akisogeza wenzake kwa kidole. Akisema "twendeni" wanaondoka wote kwa pamoja kama mabehewa, na yule mshambuliaji anabaki kama abiria aliyekuwa bado ananunua yai. Nikacheka peke yangu. Nimewaona abiria wa namna hiyo kila wiki, sikujua kwamba mtu anaweza kuwatengeneza kwa makusudi.

Tumerudi pamoja. Nikamwuliza kwa nini anainua mkono. Akasema hajui, unapanda tu.

Jumamosi, 12 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Paa linavuja juu ya jiko. Nimesogeza jiko.

Ijumaa, 18 Machi

Asubuhi mvua kubwa ya radi, mchana imepungua. Naandika mengi leo, mshumaa ni mpya.

Tuta limekatika mbele, upande wa Tabora. Treni ya bara imezuiwa hapa Itigi na abiria wake wote. Kufika saa nne nilikuwa nimemaliza kila kitu, nikakanda tena, nikamaliza tena. Mama mkwe alikuwa anakaanga bila kupumzika, akiwaita abiria "wanangu" na kuwapa maandazi madogo kuliko yangu.

Nikiwa kwenye dirisha la behewa la daraja la pili nikaona mkoba. Ule ule, wa ngozi, alama ya sisimizi na yote. Ulikuwa begani kwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, anateremka ngazi kwa tahadhari. Nyuma yake vijana warefu waliovaa suti za mazoezi zinazofanana.

"Mama, stesheni masta yuko wapi? Nina mzigo wake."

Nikamwamkia. Nikaweka birika chini. "Wewe ni Mzee Sixbert," nikasema.

"Ndiye mimi. Tulikuwa tunakwenda Tabora kucheza mechi ya kirafiki, na sasa naona tunakwenda kuoga matope." Akaupiga mkoba kwa kiganja. "Hii stesheni yenu ina maajabu. Niliomba mtu, nikaletewa Biblia."

"Aliyesahihisha ni mimi," nikamwambia. "Nilifuta *aletwe* nikaandika *uletwe*. Mkoba ni mume wangu."

Nilidhani atafoka. Akacheka, akaegemea behewa, kofia ikamdondoka, akawaita wale vijana waje wanione. Wakaja, wakaniona. Mmoja akasema, "Kumbe ndiye Mama Bakita, Baraza la Kiswahili zima!" Nilisimama nikaonwa mpaka wakamaliza.

Kisha nikasema, "Mzee, nafasi bado ipo?"

Akaacha kucheka. Akasema hapana, si kama awali. Kijana waliyempata ana mbio sana. "Ana mbio hata mahali pasipotakiwa," akasema. Jina lake bado halijapelekwa kusajiliwa, lakini mfadhili anampenda. Hawezi kuniahidi kitu. Kama tuta halijatengenezwa kesho, vijana watahitaji kunyoosha miguu. Hapa kuna timu?

Nikasema ipo.

Nilikwenda kumwambia Mazengo kwenye kibanda chake cha kugeuzia njia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akapanguza mafuta kwenye mtaimbo, akaurudisha mahali pake. "Jezi yangu ni safi?" akauliza.

Nimeifua. Imeanikwa juu ya jiko, mahali pakavu pekee ndani ya nyumba.

Jumamosi, 19 Machi

Asubuhi mawingu, mvua imekaa kimya. Tuta bado.

Abiria wote waliokwama walikuja uwanjani, hawakuwa na pa kwenda. Refa alipatikana, mwalimu wa sekondari aliyekuwa safarini kwenda Kigoma. Kibendera cha upande mmoja kikashikwa na mtu wa Dodoma. Cha upande wa pili refa akauliza, "Hapa nani anajua kuotea?"

Itigi nzima ikajibu kwa sauti moja, "Mazengo!" Hawakuwa na ubaya. Miaka yote ndivyo walivyojibu. Hata Enock alikuwa ameshafungua mdomo kabla ya kufikiri. Na mwenye bendera ni yeye, alikuwa amezileta chini ya kwapa. Refa akamwelekezea mkono, njoo. Na Mazengo, kwa upole wake ule ambao siku hizi unanikera, akaanza kuvua jezi.

Mimi nilikuwa upande wa pili na birika. Sikumbuki kuamua. Nilikata uwanja katikati, viatu vinazama.

"Mkoba hashiki bendera!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mkoba anacheza!"

Yule dada wa karanga wa behewa la pili akapiga kelele, "Amesema *anacheza*! Mama Uletwe ameokoka!" Watu wakaangua kicheko. Mama mkwe akapiga kigelegele, na sina hakika alikuwa upande gani. Refa akacheka pia, lakini akauliza tena, basi nani atashika? Bwana Zefania akajitokeza na kofia yake ya kazi. Akasema amesimamia bendera miaka kumi na tisa, hii haiwezi kumshinda.

Ilimshinda. Hicho ndicho chanzo cha bao. Mazengo alisema "twendeni," wakaondoka kama mabehewa, mshambuliaji wa Dodoma akabaki nyuma yao peke yake, ameotea hata mimi nikaona, na mkono wa Mazengo ukapanda. Bwana Zefania akautazama mkono ule kwa heshima, bendera ikiwa imelala pajani. Baadaye alinieleza kuwa hakutaka kusimamisha kitu kinachokwenda vizuri. Bao. Refa akaonyesha katikati.

Enock alimfuata Bwana Zefania akiwa amekunja ngumi. Mazengo akamshika bega, akamrudisha. Kisha nikaona anateremsha mkono wake, anautazama, na kuufungia nyuma ya mgongo kwa kushika kiuno cha kaptula. Tangu hapo haukupanda tena. Hakusema tena "twendeni." Alirudi nyuma kabisa, akacheza kama beki ambaye hakuna wa kumsaidia duniani, akawa anafika mahali kabla ya mpira, si kwa mbio, kwa kuondoka mapema. Aliondoa mmoja kwa kichwa akiwa amepiga magoti kwenye matope. Mwingine aliukalia. Watu walicheka, lakini haukuingia.

Tulifungwa moja bila. Mzee Sixbert alikuja na mkoba begani. Nilidhani atasema juu ya lile bao. Akamwuliza Mazengo, "Kwa nini uliacha mtego wako?"

"Hakuna bendera, Mzee."

"Nilikuwa nataka kuona utafanyaje siku refa akikunyima filimbi." Akavua kofia akaikung'uta maji. "Kule tunakocheza watakunyima sana."

Amekwenda kulala kwenye behewa lake.

Jumapili, 20 Machi

Jua la asubuhi, mawingu mchana. Reli imeamua treni irudi Dodoma na abiria wake, tuta litachukua wiki.

Mzee Sixbert alikuja nyumbani kabla ya kanisa, akamsalimu mama mkwe kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na hapo akawa amekwishashinda nusu ya kazi. Mkataba ni wa msimu mmoja. Daktari ampime kwanza, mfadhili amwone, kisha jina liandikwe kabla ya usajili kufungwa. Mfadhili akikataa, Mazengo atarudi kama alivyo. Mama mkwe akauliza, "Atalipwa hata wakifungwa?" Akajibiwa ndiyo. "Basi ni kazi," akasema.

Bwana Zefania ametoa likizo bila malipo. Anaona aibu, angetoa na treni.

Mazengo amebeba jezi, sabuni, na mkoba wa Bi Magdalena, aukabidhi Manyoni treni ikisimama. Nimetia ndani chupa ya asali mpya. Bendera ameziacha mlangoni, moja juu ya nyingine. Treni ilipoanza kuondoka nilitaka kumwambia neno, nikakuta yote niliyonayo yanahitaji muda. Akaniambia yeye, dirishani: "Safari hii nakwenda mwenyewe. Usinifute." Alikuwa anacheka. Ni mara ya kwanza tangu Februari.

Jumatatu, 21 Machi

Mvua. Laini ya simu imekatika. Nimeuliza simu asubuhi. Hakuna. Nimeuliza jioni. Bwana Zefania alitikisa kichwa kabla sijamsalimu.

Jumanne, 22 Machi

Asubuhi mvua. Nimeuliza. Laini bado. Njia ya Kintinku nayo inasemekana ina maji, na hakuna anayejua treni yao ilipita au ililala. Maandazi nimeyaunguza. Aneth anauliza baba yuko wapi, mama mkwe anamjibu, "Anazuia."

Jumatano, 23 Machi

Asubuhi manyunyu, jioni anga jeupe. Laini imerudi jua likizama. Nilikuwa naosha sufuria nikasikia Bwana Zefania anaita kutoka ofisini, "Mama Aneth! Njoo na kidato chako cha nne!"

Nilikimbia na masizi mkononi. Jumbe zilikuwa mbili, ameziandika ubaoni moja chini ya nyingine, kwa herufi kubwa, chaki imemjaa mpaka kwenye kofia.

*Manyoni: Mkoba umefika. Asante kwa asali. Magdalena.*

*Dodoma: Mkoba amefika. Daktari amempitisha. Amesajiliwa. Mwalimu.*

Bwana Zefania alinipa chaki na kitambaa cha kufutia. Alikuwa ametayarisha vyote viwili. "Angalia vizuri," akasema. "Huku *umefika*, huku *amefika*. Nirekebishe upi?"

Nilizisoma zote, polepole, kama Sista Febronia alivyotufundisha, kidole chini ya kila neno. Nikamrudishia chaki.

"Zote mbili ni sahihi," nikamwambia. "Acha hivyo."

Nimemwambia mama mkwe, amepokea kwa kusonya na kwenda nje kukaa peke yake kidogo. Nimekunja bendera, kesho nizirudishe stesheni. Mvua haipo. Nalala sasa, saa tano kasorobo.